Kabla hujapanga mlimani Mwanza, panda na ndoo

Chumba changu cha kwanza Mwanza nilikichukua Igogo, kule juu kwenye mawe, kwa sababu moja tu: dirisha. Dalali alilifungua, nikaliona ziwa lote na rasi ya Capri Point kwa mbele, nikalipa kodi ya miezi sita palepale. Na ya mwezi mmoja ya dalali juu yake. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetulia, nami nilikuwa nimepanda mikono mitupu.

Siku ya kuhamia, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kiliishia barabarani. Kutoka hapo ni ngazi, vichochoro kati ya nyumba za watu, na mahali pamoja unapita juu ya jiwe lenyewe. Vijana wawili walibeba kitanda. Godoro nilijibebesha mwenyewe, upepo wa ziwa ukanizungusha nalo mara mbili. Mama mwenye nyumba alikuwa ananisubiri mlangoni. "Pole, mwanangu," akasema. "Na maji, umejiandaa?" Sikumwelewa mpaka jioni, nilipofungua bomba likatoa hewa.

Kwa hiyo ukipelekwa kuona chumba mlimani, omba ndoo ya lita 20 huko chini, ijaze, upande nayo. Dalali atakucheka, mwache acheke. Ukifika juu bado unakipenda, kilipie. Muulize mpangaji, siyo dalali, maji yanatoka siku zipi na saa ngapi. Kodi hushuka kadiri unavyopanda, ila kilichopungua utamlipa kijana wa maji, wa mtungi wa gesi, na wa kila kitu kizito utakachonunua.

Uliza pia habari za choo. Mwamba hauchimbiki, mashimo mengi ni mafupi, na mvua ikinyesha, jirani wa chini yako ndiye anayejua yako yalikoishia. Mimi nimewahi kuwa jirani wa chini. Tuishie hapo.

Mvua ya mlimani ni jambo jingine. Jiwe halinywi maji. Yote yanateremka kwa pamoja, ndiyo maana Mto Mirongo unafura ghafla kule mjini. Masika yangu ya kwanza nilishuka na kandambili kwenda dukani, nikarudi na trei ya mayai. Pale kwenye jiwe niliteleza, nikakaa kitako, nikaserereka hadi mlangoni kwa jirani. Mayai mawili yalipona. Nunua raba zenye meno.

Anayekuja kutembea tu hana shida hizi. Akipata siku mbili, ya kwanza aende kisiwa cha Saanane, boti inaanzia Capri Point na mwendo ni dakika chache. Kisiwa kina jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, na 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Usiende kwa kumtafuta simba. Nenda ukatembee juu ya mawe, uone swala, pimbi, na wale mijusi dume wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu wakitikisa vichwa juani. Nenda asubuhi, saa saba mchana mawe yanachoma.

Siku ya pili panda mtaa wowote wa mlimani na mwenyeji, jioni. Ziwa lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo jua likizama kunapoa, beba sweta. Na jiwe unalotaka kupigia picha ni ua wa mtu: pameanikwa udaga wa muhogo, pameanikwa nguo za watoto. Salimia kwanza. Asubuhi ukisema "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma, utapewa hata kigoda.

Kuogelea sikushauri. Maji ya kando ya ziwa, hasa penye majani na konokono, yana kichocho, na watoto unaowaona wanapiga mbizi siyo ushahidi wa kitu chochote.

Siku hizi nimeshuka, ninakaa katikati ya mlima. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani na kipande cha ziwa kisichozidi upana wa khanga. Jumapili jioni hupanda kule juu kutazama jua likizama, na mama mwenye nyumba wangu wa zamani, kabla hata hajaitikia salamu, huuliza kama nimekuja na maji.