Anti, nimelia mbele ya washkaji kisa Karate Kid

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni kijana wa miaka 27, fundi umeme wa magari hapa Morogoro. Juzi tulikuwa geto na washkaji tunaangalia The Karate Kid, ile ya 2010 ya Jackie Chan na mtoto wa Will Smith, tunacheka tu mpaka ikafika pale dogo anamkuta mzee usiku analewa huku anaponda gari lake mwenyewe. Anti nililia, yaani siyo chozi la kujifuta kimyakimya, nilitoka nje kabisa. Baba alifariki miaka 3 iliyopita na pikapu yake bado iko uani kwa mama, imefunikwa turubai, hakuna anayeigusa hata mimi. Sasa washkaji kila nikipita ni kelele, na mmoja anasema nimelilia feki maana orijino ni ya 1984. Nina tatizo?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mzee. Huna tatizo lolote, pale na mimi huwa nalia mpaka leo. Jackie Chan tumemzoea wa kupigana kwa viti na ngazi huku tunavunjika mbavu, halafu ghafla unamwona kakaa ndani ya gari analia na hakuna kichekesho kinachokuja kutuokoa. Gari lenyewe kalitengeneza mwaka mzima humohumo sebuleni, siku ya kumbukumbu analivunja, kesho anaanza upya. Mke na mwanawe wa miaka 10 walifia humo, yeye ndiye alikuwa anaendesha, alikuwa anagombana na mkewe na hata sababu ya ugomvi haikumbuki tena!

Huyo mshkaji wako yuko sahihi kitu kimoja tu, mle wanapiga kung fu, Beijing, karate imebaki kwenye jina. Lakini feki siyo. Kwenye ile ya 1984 Bwana Miyagi, yule mzee anayemfundisha kijana karate, kaigiza Pat Morita, naye analewa usiku wa kumbukumbu akiwa kavaa sare ya jeshi. Mkewe alifariki akijifungua, na mtoto pia, kwenye kambi ya Manzanar, California, ambako Marekani iliwafungia watu wa asili ya Japani wakati wa vita ya pili ya dunia, na yeye muda huohuo yuko Ulaya anaipigania Marekani hiyohiyo. Pat Morita mwenyewe aliwahi kufungiwa kambi za hivyo akiwa mtoto, na kwa kazi ile akaingia kinyang'anyiro cha Oscar.

Sasa angalia walichobadilisha. Kwenye orijino kijana anasoma telegramu ya msiba, anamlaza mzee, anainama kwa heshima anaondoka. Kwenye mpya dogo haondoki, anachukua zile fimbo za mazoezi, anamfunga mzee mikono kwake, anamvuta ainuke, wanaanza kwenda pamoja hatua kwa hatua na vivuli vyao ukutani. Mtoto anamnyanyua mtu mzima kwa somo alilofundishwa na huyohuyo. Mimi nadhani hapo ndipo palipokutoa nje.

Wewe kutwa unawasha magari ya watu. Jumamosi nenda kwa mama, usiende kuuza wala kutengeneza, mfunue turubai tu wote wawili. Betri itakuwa imekufa, beba nyingine. Halafu niandikie injini imesemaje.