Kugeuza gari katikati ya barabara ya Ujiji

Ndugu yangu, umeuliza kama ulikosea kugeuza gari pale Mwanga, mjini Kigoma, baada ya kupita duka ulilokuwa ukilitafuta. Ikiwa katikati ya barabara kulikuwa na mstari mweupe usiokatika, au kibao cha kukataza, basi ulikosea, hata kama hapakuwa na gari lingine. Vivyo hivyo kwenye kona, kileleni mwa mlima na kwenye kivuko cha waenda kwa miguu.

Mahali panaporuhusiwa, washa indiketa ya kulia mapema, punguza mwendo, kisha wapishe wanaokuja mbele na walio nyuma yako. Kioo cha pembeni hakitoshi, kwa kuwa bodaboda aliyepakia madumu ya mawese huweza kukupita kulia wakati huohuo unapokata usukani, naye mzigo ule haumruhusu kufunga breki ghafla. Geuza shingo utazame begani. Gari lisipoweza kugeuka kwa mkupuo mmoja, usianze kurudi nyuma katikati ya magari. Mimi huendelea mbele hadi kwenye mzunguko, ingawa abiria hunung'unika.