Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Boti Unayotaka Kununua

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria. Umeniuliza kama akiba yako ya huko Nakuru inafaa kununuliwa boti yenye injini ya kuvulia omena, dagaa wetu wa ziwani, nami niisimamie huku kisiwani. Baba yako amefurahi na tayari anaitafutia jina. Mimi nasema usinunue.

Omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu huufuata mwanga. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi hulala nyumbani. Kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 uvuvi wake hufungwa kisheria, na boti hukaa ufuoni bila kuingiza hata shilingi. Siku za kazi nazo, petroli hukatwa kwanza, wavuvi huchukua fungu lao, kisha mwenye boti ambaye hakuwa majini hupokea hesabu yoyote atakayoletewa. Wakitumia wavu wenye macho yasiyofika milimita 10, wavu huo ukinaswa utateketezwa, na hasara ni yako.

Lakini pesa nyingi hupotea nchi kavu, na huko ndiko kwenye kazi yangu. Boti zikifika alfajiri, sisi akina mama hununua omena kwa karai na kuzianika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Jua likiwaka vizuri, kufikia alasiri ukiikunja moja inakatika kwa mlio, na hizo tunaziuza kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia, kwa bei ya chakula cha watu. Mvua ikizikuta mbichi, huwa nyekundunyekundu, vichwa hudondoka, harufu hugeuka, na mnunuzi anayebaki ni yule wa chakula cha kuku, ambaye hutaja bei yake bila hata kushuka kwenye boti. Huenda kuku mnaowala huko Nakuru wamelishwa jasho langu.

Kwa hiyo, ukitaka kunisaidia, nijengee chanja ya kuanikia. Omena zilizoinuliwa kutoka chini hupitiwa na upepo pande zote mbili, hazishiki mchanga, na wingu likitanda, watu wawili wanatosha kuzifunika kwa turubai. Nguzo na mbao nitazipata hapa. Niulizie tu bei ya wavu wa plastiki na turubai huko mjini, pamoja na gharama ya kuvifikisha Mbita. Kutoka hapo nitalipia boti mwenyewe. Baba yako nitazungumza naye.

Mama yako