Walimu wapya wa Baiolojia, someni hii kabla ya kufundisha mageuko

Juzi nimepita dirishani kwa kidato cha nne, binti mmoja anauliza mbona kuna wanasayansi wanaosema uumbaji nao ni sayansi na dunia ina miaka 6,000. Mwalimu wetu wa mafunzo kwa vitendo akamkata: "Ya kanisani yaache kanisani." Wadogo zangu, mtarudia makosa yetu mpaka lini?

1. Mada hii msiisukume hadi wiki ya moko.

2. Jiandaeni. Hapa nina kidonda. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kijana mmoja aliniuliza umri wa fuvu la Zinjanthropus, yule jamaa wa kale wa binadamu, ulijulikanaje. Sikuwa nimesoma, ila niliona aibu kunyamaza, nikajibu kwa sauti kubwa: kaboni 14. Kipindi kilichofuata akaja na kijitabu cha "sayansi ya uumbaji", akasoma polepole kwamba kaboni 14 haivuki miaka 50,000 hivi. Na mimi ubaoni nilikuwa nimeandika milioni 1.75. Darasa zima likanigeukia. Kwa hilo kijitabu kilikuwa sahihi. Badala ya kukiri, nikamwambia akae chini asinipotezee kipindi. Alikaa. Hakuninyooshea mkono tena hadi anamaliza shule, na wenzake wakaondoka wakiamini kwamba kama hilo ni uongo, basi na mengine yote ni uongo. Inaniuma hadi leo, kwa sababu jibu lilikuwepo. Mary Leakey aliliona fuvu lile Olduvai mwaka 1959, na mwaka 1961 yakatangazwa majibu ya kipimo cha potasiamu na agoni. Kinachopimwa ni majivu ya volkano ya tabaka lile, mfupa wenyewe haupimwi. Sentensi mbili tu, na mimi sikuwa nazo.

3. Msibishane na watoto kama Mungu yupo, hilo halimo kwenye andalio la somo. Waulizeni: dai hili likiwa na kosa, tutalijuaje? Mageuko yana jibu. Leteni mfupa wa sungura kutoka miamba ya Kambria, iliyojengeka muda mrefu kabla ya mamalia kuwepo, nadharia nzima itatikisika. "Sayansi ya uumbaji" hushika hitimisho kwanza, kisha hutafuta ushahidi wa kulibeba. Ndivyo alivyoona Jaji William Overton kule Arkansas, Marekani, mwaka 1982, alipoifuta sheria iliyotaka ifundishwe kwa uzito sawa na mageuko. Mwaka 2005 hoja ilirudi mahakamani Pennsylvania, kesi ya Dover, ikiitwa sasa "usanifu wenye akili", yaani dai kwamba viumbe ni tata mno kiasi kwamba lazima vilisanifiwa. Shahidi mkuu wa upande wa usanifu, mwanabiokemia Michael Behe, alikiri kwamba kwa maana yake ya nadharia ya kisayansi, hata unajimu ungeingia. Na aliyesimama kuyatetea mageuko, mwanabiolojia Kenneth Miller, ni Mkatoliki. Mwambieni hilo mtoto anayeogopa kwamba Baiolojia itamnyang'anya imani.

4. Mwalimu wa dirishani, kesho mtafute yule binti, umwombe alirudie swali lake mbele ya darasa. Nitakaa dawati la nyuma.