Shule Moja ya Mtaani, Majibu Matatu

Mdogo wangu alihamia kwetu Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba 2024 akitokea Iringa, na binti yake alikuwa wa kuanza darasa la kwanza Januari. Hata mabegi hajamaliza kufungua, akaanza kuulizia shule ya msingi ya serikali iliyo nyuma ya nyumba tunayokaa. Mama wa genge akamwambia ile shule ni nzuri, wanawe wawili wamesoma pale na mmoja sasa yuko chuo. Mpangaji wa chumba cha pili akamwambia asithubutu, mwanawe alifika darasa la nne hajui kusoma. Kijana wa bodaboda wa kijiweni, ambaye mtoto wake bado anasoma palepale, akasema, "Inategemea na bahati ya mtoto." Mdogo wangu akarudi ndani akaniuliza, "Dada, katika hawa watatu nimwamini nani?"

Nikamwambia awaamini wote. Mimi mwenyewe nimesomesha watoto wawili pale. Ungeniuliza mwaka 2015 ningejibu kama mama wa genge. Ungeniuliza mwaka 2017 ningejibu kama yule mpangaji, tena kwa hasira zaidi.

Wa kwanza wangu alianza darasa la kwanza Januari 2014. Chumba kilikuwa na watoto kama 70, nao ni wengi tayari, maana kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Lakini alimpata mwalimu mtu mzima, mama aliyekaribia kustaafu, ambaye miaka yake yote alifundisha madarasa ya chini. Yule mama alifundisha hesabu kwa vizibo vya soda na silabi kwa vipande vya maboksi. Daftari lilirudi nyumbani na wino mwekundu kila siku. Ukikuta hakuna wino, ujue mtoto hakwenda shule. Kufika Septemba mwanangu alikuwa anasoma vibao vya daladala kwa sauti, abiria wanageuka kumtazama, na mimi najisikia kama nimeshinda bahati nasibu.

Wa pili alianza Januari 2016. Serikali ilikuwa imetoa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada na michango ya lazima ikafutwa, na watoto waliokuwa wanazuiwa nyumbani kwa kukosa mchango wakaletwa wote kwa mpigo. Nilifurahi, na mpaka leo nafurahi, kwa sababu mtaani kwetu nawajua watoto ambao bila waraka ule wasingeijua hata herufi moja. Ila vyumba vilibaki vilevile na walimu walewale. Darasa la mwanangu lilikuwa na watoto zaidi ya 160. Wakagawanywa, wengine waingie asubuhi na wengine mchana. Wangu akaangukia zamu ya mchana, saa sita na nusu, jua la Dar es Salaam likiwa utosini na watoto wameshachoka kwa michezo ya asubuhi. Yule mama wa vizibo alikuwa ameshastaafu. Miezi ya mwanzo mwanangu alikaa sakafuni. Ile kampeni ya madawati ya mwaka ule ilipofika shuleni kwetu akapata dawati, safu ya nyuma kabisa.

Miaka miwili ikapita hajui kuunganisha silabi. Nikaanza kuisema ile shule vibaya kisimani, kwenye vikoba, msibani. Nilisema kwa uchungu na watu wakanisikiliza. Mama mmoja wa mtaa wetu alimhamisha mwanawe kwa sababu ya maneno yangu, akampeleka shule ya mbali ambayo mtoto wa miaka minane alilazimika kuvuka Barabara ya Kilwa mara mbili kwa siku. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa sababu darasa la tatu ndipo shangazi yake alipogundua kwamba mtoto anasogelea televisheni mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Tukampeleka kupima macho. Alikuwa haoni ubaoni. Miaka yote ile, kwenye safu ya nyuma, alikuwa ananakili daftari la mwenzake. Alipovaa miwani na mwalimu akamhamishia mbele, kabla mwaka haujaisha alikuwa anasoma hadithi nzima bila msaada.

Sasa niambie, kosa lilikuwa la shule? Sehemu, ndiyo. Mwalimu mwenye watoto 160 hawezi kujua nani anakodoa macho, na kumpa mwalimu watoto 160 si haki kwake wala kwa watoto. Lakini mimi niliyekuwa na watoto wawili tu ndani ya nyumba sikuona. Kama mwanao hasomi, anza na macho na masikio kabla hujaanza na shule. Uliza kituo cha afya kilicho karibu wakuelekeze pa kupimia. Natamani mtu angeniambia hivyo mwaka 2016.

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu kwamba unapomuuliza mzazi habari za shule, usimuulize kama ni nzuri. Muulize mtoto wake alianza mwaka gani, zamu ipi, mkondo upi, alifundishwa na nani darasa la kwanza na la pili, na alikaa wapi darasani. Shule ya watoto elfu mbili na zaidi ni kama shule tano ndani ya uzio mmoja. Mikondo miwili ya darasa lilelile inaweza kutenganishwa na ukuta wa tofali moja, huku wanasoma, kule wanapiga kelele mpaka kengele. Mama wa genge alikuwa anasimulia mkondo wake. Mpangaji wa chumba cha pili alikuwa anasimulia wake.

Kisha tazama madaftari. Kwangu mimi hapa ndipo ukweli ulipo, na wazazi wengi hawapapiti. Omba kwa jirani daftari la mtoto aliye darasa lile ambalo wako ataingia, la Hesabu na la Kusoma au Kuandika, kaa nalo dakika kumi. Tazama tarehe, kuna wiki ngapi zimerukwa? Tazama masahihisho. Daftari lisilosahihishwa ni baya, ila baya zaidi ni lenye tiki juu ya jibu lililokosewa, maana hapo ama watoto wanasahihishana wenyewe au mwalimu anapitisha kalamu bila kusoma, na mtoto anabaki anaamini kosa lake ni sahihi. Daftari zuri lina alama ya kosa na chini yake mtoto amerudia kuandika jibu sahihi. Ukikuta hivyo katika chumba cha watoto mia, mwalimu huyo ni dhahabu, mfuate.

Matokeo ya mtihani wa darasa la saba ndiyo watu wanayokimbilia. Kila mtu siku hizi anafungua tovuti ya Baraza la Mitihani kwenye simu. Yaangalie, lakini fahamu yanakuambia nini. Aliyefanya mtihani mwaka 2022 alianza darasa la kwanza 2016. Yale matokeo ni habari za walimu wa miaka hiyo, ambao baadhi wameshahama au kustaafu. Tena shule nyingi humpanga mwalimu wake hodari darasa la saba na kuwabana watoto kwa masomo ya ziada mwaka wa mwisho, huku darasa la kwanza likiachiwa mwalimu mmoja aliyeelemewa. Na mtoto anayeanza sasa yumo katika mtaala mpya unaoishia darasa la sita. Mwaka 2027 watamaliza pamoja wa darasa la saba wa mwisho na wa darasa la sita wa kwanza. Ukitaka kujua kitu kinachomhusu mtoto wa darasa la kwanza, upimaji wa darasa la nne una faida zaidi, kwa sababu unaonyesha kama kusoma na kuhesabu kuliingia mapema.

Siku ya kutembelea shule usiende wiki ya kwanza ya Januari. Wiki hiyo kila shule ni vurugu, wazazi wamejaa ofisini, hata mwalimu mkuu hajui ana watoto wangapi. Nenda Februari, au nenda Septemba kabla ya uandikishaji, siku ya kawaida kama Jumatano, saa nne. Simama chini ya mti usikilize. Darasa la chini lenye mwalimu lina sauti ya watoto wanaoitikia pamoja, na lisilo na mwalimu utalijua kabla hujafika mlangoni. Pita vyooni. Kiwango kinachotakiwa ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na hesabu ya shule zetu utaifanya mwenyewe. Muhimu zaidi uangalie kama kuna maji, na kama milango ya vyoo vya wasichana inafungwa. Binti asiye na mahali pa kujisitiri hukosa shule kila mwezi akikua, nawe hutaambiwa sababu.

Kuhusu fedha, wazazi wa shule moja hugombana hapa kuliko popote. Mmoja anasema elimu ni bure kwa hiyo hatoi hata mia, mwingine anasema shule inawakamua. Ukweli una pande zake. Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 4,000 ni ya vitabu na 6,000 ndiyo ya kwenda shuleni. Gawa hiyo 6,000 kwa siku 194 za masomo, unapata kama shilingi 31 kwa siku. Nusu andazi hainunuliki. Kwa hiyo mwalimu mkuu anapoita kikao cha uji, mlinzi au rimu za karatasi za mitihani, mimi huwa nakwenda na huwa natoa. Lakini mchango ni wa hiari na unakubaliwa kikaoni, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani wala kunyimwa mtihani kwa sababu hujatoa. Ikitokea, nenda kwa mwalimu mkuu kwa utaratibu, kisha kamati ya shule, kisha ofisa elimu kata. Na kwenye kikao omba kusomewa mapato na matumizi. Mara ya mwisho nilipohudhuria tulikuwa wazazi kama 60. Sitini, wa shule nzima! Wale waliokuwa wanalalamika mtaani kwamba hela zinaliwa sikumwona hata mmoja.

Viboko nitavisema kwa kifupi ila kwa uzito. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, apige mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa naye ruhusa kwa maandishi, na vinaandikwa kwenye kitabu. Mwalimu anayepita na fimbo darasani akicharaza kila aliyekosa hesabu yuko nje ya kanuni. Mwanangu wa pili alipigwa mara nyingi kwa kutokunakili ubaoni, jambo ambalo macho yake hayakuweza. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wazazi wanaowaambia walimu "mpige tu, huyu nimekukabidhi." Usiseme maneno hayo kwa niaba ya mtoto wako.

Na sikubaliani na ule usemi wa mtaani kwamba mtoto mwenye akili atafaulu hata chini ya mwembe. Niliuamini kwa sababu wa kwanza wangu alifaulu. Wa pili ana akili ileile, tumbo moja, shule moja, akakaribia kupotea. Wazazi ambao watoto wao walibahatika ndio wanaoupenda usemi huo, na wakiusema mbele ya mzazi ambaye wake hajabahatika, wanamwambia kwamba mwanawe ni mjinga.

Mwalimu mfuate mapema, kabla ya tatizo. Usimvamie asubuhi mstarini wala katikati ya kipindi. Ngoja mapumziko au baada ya masomo, msalimie vizuri, jitambulishe kwa jina la mtoto, muulize mtoto anakaa wapi na anashiriki vipi. Omba namba ya simu, usiitumie kumsumbua usiku. Ukisikia jambo kutoka kwa mtoto, lisikilize lote, halafu ukalisikie na upande wa mwalimu. Nimeona walimu waliochoka kabisa wakibadilika kwa mzazi mmoja aliyekuja kuuliza badala ya kufoka.

Mdogo wangu alifanya hivi. Alikopa madaftari matatu kwa majirani, mawili ya mkondo A na moja la mkondo C. La mkondo C lilikuwa na wino mwekundu kila ukurasa. Akaenda kuandikisha mapema, na mwezi wa pili, msongamano ulipopungua, akamfuata mwalimu mkuu kumwomba binti awe mkondo ule. Akajibiwa kwamba mkondo umejaa. Binti akabaki mkondo A, zamu ya asubuhi, mwalimu kijana wa ajira mpya. Mdogo wangu akamfuata yule kijana saa nne, akamwambia binti ni mfupi na ana aibu ya kunyoosha mkono. Kesho yake mtoto alirudi akasema amehamishiwa dawati la pili kutoka mbele, karibu na dirisha. Kila Ijumaa jioni tunakaa mkekani na daftari lake. Wiki iliyopita kulikuwa na tiki juu ya 7 + 5 = 13. Mdogo wangu ameikunja kona ya ukurasa ule, na Jumatatu anakwenda nao shuleni.