Vibanio vya sumaku-umeme: kabla hujauliza inavuta kilo ngapi

Vijana wanaotoka chuo wakikabidhiwa kibanio cha sumaku-umeme, yaani kifaa kinachobana au kuachia kitu kwa sumaku inayowashwa na umeme, swali lao la kwanza karibu siku zote ni hili: inavuta kilo ngapi? Swali zuri, lakini mimi huliweka kando kwanza. Nataka waniambie umeme ukikatika ghafla, kilichobanwa kitabaki kimebanwa au kitaachiwa. Hata kama hakuna mgao, fyuzi huungua, waya hulegea terminali, na mtu wa zamu hubonyeza kitufe chekundu bila kukuaga.

Ukilijibu hilo utaona vibanio hivi viko vya aina mbili. Kuna ambacho sumaku ndiyo inayoshika, na kuna ambacho springi ndiyo inayoshika, sumaku kazi yake ni kuachia tu. Breki ya mota ya winchi ni ya aina ya pili. Springi zinaisukuma sahani ya chuma, nayo inaikandamiza diski yenye lainingi, ile tabaka ya msuguano. Koili, yaani waya uliozungushwa unaogeuka sumaku, ikipata umeme inaivuta ile sahani, diski inakuwa huru, mota inazunguka. Umeme ukienda, springi hazisubiri ruhusa ya mtu: zinabana, mzigo unabaki ulipo. Popote ambapo kuachia kunaweza kumuumiza mtu, fuata mpango huo. Na ukiletewa sumaku ya kunyanyulia vyuma inayoshika kwa nguvu ya koili peke yake, muulize muuzaji betri ya akiba iko wapi kabla hujauliza bei.

Aina ya kwanza nayo ina mahali pake, na mfano wake mzuri ni meza ya sumaku ya sarfesi grainda, mashine ya kusaga uso wa chuma kwa jiwe linalozunguka. Inashika bapa la chuma bila taya wala bolti, kwa hiyo jiwe linapita juu ya uso wote bila kugonga kitu. Ubaya wake ni kwamba umeme wa meza ukikatika, jiwe bado linazunguka, na bapa linarushwa. Kwa hiyo unganisha meza na mota ya jiwe kwa namna ambayo mota haiwaki, au inazimwa, kama koili haina mkondo. Nasema mkondo, sisemi volti. Koili iliyokatika ndani itakuonyesha volti kamili kwenye terminali huku haishiki hata sindano. Siku hizi ziko pia meza zenye sumaku ya kudumu na koili pamoja: koili inapewa umeme kwa muda mfupi sana kuwasha au kuzima ushikaji, kisha sumaku inaendelea yenyewe bila umeme. Viwanda vya plastiki vinatumia mfumo huohuo kubana moldi. Bei yake inauma, lakini kama unabadilisha moldi mara kwa mara, nunua.

Sasa tuje kwenye zile kilo. Kwa nguvu ya usumaku ya tesla 1, kila sentimita mraba ya mguso inavuta takriban niutoni 40, yaani uzito wa kilo 4 hivi. Hesabu hiyo ni ya kuvuta moja kwa moja kwenda juu. Jiwe la grainda linasukuma kwa ubavu, na kinacholizuia ni msuguano, ambao ni sehemu ndogo tu ya hizo kilo. Ndiyo maana kazi (kipande kinachosagwa) ndefu yenye kitako kidogo huwekewa vipande vya chuma mbele na pembeni viizuie isiteleze. Shaba, alumini na chuma cha pua cha daraja la 304 usivitegemee kushikwa hapo kabisa.

Mwanya, yaani nafasi kati ya sumaku na chuma inachokivuta, ndio unaosumbua watu kuliko kitu kingine chochote. Nguvu ya sumaku hushuka kwa mraba wa mwanya: ukiuzidisha mara mbili, unabaki na kama robo ya nguvu. Breki nyingi za mota zinatakiwa kuwa na mwanya wa milimita 0.2 hadi 0.5, kutegemea ukubwa wake. Lainingi ikilika, sahani inasogea mbali na koili, mpaka siku moja koili inashindwa kuivuta. Breki inabaki imebana nusunusu, mota inalazimisha, harufu ya kuungua inatoka. Hapo mtu anaing'oa koili anaipeleka kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, ikawaindiwe (izungushiwe waya upya), inarudi mpya, na tatizo linarudi nayo. Fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia mwanya, ingemaliza mjadala kabla ya chai. Rekebisha mwanya kwanza, au badilisha diski; koili mwisho.

Koili yenyewe, angalia ni ya AC au DC. Ya AC ina tabia ya kuvuta mkondo mkubwa sana wakati mwanya uko wazi, kisha unashuka sahani ikishafunga. Uchafu ukizuia sahani isifunge, mkondo haushuki na koili inaungua haraka. Ikinguruma kwa kelele, safisha nyuso zinazogusana, halafu kagua ile pete ndogo ya shaba iliyopachikwa kwenye uso wa chuma; ikipasuka, mngurumo hauishi. Ya DC mkondo wake unaamuliwa na upinzani wa waya, kwa hiyo kukwama hakuiunguzi. Nikiachiwa nichague, nachukua DC. Volti zake zinazoonekana za ajabu kwenye kibandiko zina sababu: 230 ya AC ikipita rektifaya (kigeuza AC kuwa DC) ya nusu wimbi inatoa 103, ya wimbi zima inatoa kama 207, na 400 ya nusu wimbi inatoa 180. Ukibadilisha rektifaya kwa kuangalia sura tu, utaiunguza koili au utaidhoofisha.

Kama mashine inashika vizuri asubuhi na kuteleza alasiri, usiilaumu zamu ya mchana. Upinzani wa shaba huongezeka karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka nyuzi 20 hadi 100 mkondo unapungua karibu robo, na palipo na mwanya nguvu inaweza kubaki chini ya asilimia 60. Jaribu kibanio kikiwa cha moto.

Kuzima nako kuna adabu yake. Diodi, inayopitisha mkondo upande mmoja tu, ikiwekwa sambamba na koili ya DC inalinda kontakta (swichi inayowashwa kwa umeme) dhidi ya cheche, ila inafanya mkondo ufe polepole, na breki ya winchi ikichelewa kubana mzigo unashuka kidogo. Kwa winchi, kata upande wa DC na utumie varista, kifaa kinachozuia volti isipande kupita kiasi. Kwa meza ya grainda, chuma hubaki na usumaku kidogo, hivyo kidhibiti chake kinapaswa kugeuza mkondo huku na huku kikiupunguza mpaka uishe. Bila hivyo kazi itatoka na vumbi la chuma limeganda mwili mzima.

Na kwa kuwa meza hiyo inalowa maji ya kupozea kutwa nzima, ipime kwa mega, kipimo cha ubora wa kihami cha waya, kila matengenezo. Ikisoma chini ya megaohmu 1, ikaushe upime tena kabla hujaamua kuifungua.