Kabla Hujaandika Insha ya Ubaguzi wa Rangi, Mpigie Simu Babu

Wiki iliyopita mdogo wangu wa mwisho aliitwa mbele katika ukumbi wa maktaba, hapa Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, akakabidhiwa cheti cha mshindi wa kwanza wa shindano la insha la wanafunzi wa sekondari kuhusu haki na usawa wa rangi. Mama alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, bado amevaa sare, na jina la mwanawe lilipotajwa alipiga kigelegele hadi ukumbi mzima ukageuka. Mimi nililia. Nililia kwa furaha, lakini sitaficha kwamba nililia pia kwa sababu miaka saba iliyopita nilikaa katika ukumbi kama ule, nikiwa na umri kama wake, nikatoka na karatasi ambayo mpaka leo sijaweza kuitupa.

Tangu nilipotuma picha za siku hiyo kwa ndugu na marafiki, nimepokea ujumbe kutoka kwa vijana na wazazi wa Kiswahili walioko Texas, Ohio na hapahapa Minnesota, na karibu wote wanauliza swali moja: alifanyaje? Najua mnachokitafuta, maana ndicho nilichokitafuta mimi. Zawadi ni nzuri, na cheti kinasaidia katika maombi ya chuo, lakini kilicho moyoni ni kutaka kuona mtoto aliyefika nchi hii akiwa hajui Kiingereza cha kutosha anasimama mbele ya wenyeji, anazungumzia jambo linalowauma, na wanamsikiliza. Ili niwajibu vizuri, inabidi nianze na kushindwa kwangu.

Tulifika Minneapolis, jiji jirani na Saint Paul, kutoka Dar es Salaam mwaka 2015, nikiwa na miaka 14, tukapanga nyumba upande wa kusini wa jiji. Mwaka 2018, nikiwa darasa la 11, niliona tangazo la shindano la insha lililoandaliwa na watu wa mtaa kwa kushirikiana na maktaba. Masharti yalikuwa maneno yasiyozidi 750, na mada ilituuliza ubaguzi wa rangi umeathiri vipi jamii yetu na nini kifanyike. Nilimwuliza mama anaonaje. Alijibu bila kuinua kichwa: "Hayo ni ya wenyewe, mwanangu. Sisi tumekuja kutafuta." Sikumsikiliza, nikaandika kwa usiku mbili. Insha yangu ilianza na maneno "Tangu enzi na enzi binadamu amebaguana," ikampitia Martin Luther King Jr., ikamfikia Nelson Mandela, ikamalizika kwa kuwaomba watu wote wapendane. Niliipenda mno. Niliisoma kwa sauti chumbani mara nyingi kiasi kwamba mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi tu, aliweza kuisema kwa kichwa.

Sikupata nafasi yoyote. Waandaaji walimrudishia kila mshiriki karatasi yake pamoja na maoni ya mwamuzi, na juu ya yangu kulikuwa na sentensi mbili kwa kalamu ya buluu: "Lugha nzuri, lakini haya ni mapambano ya watu wengine. Ya kwako yako wapi?" Nilikaa mwaka mzima nikiisoma sentensi ya kwanza peke yake. Niliona nimefungiwa mlango kwa sababu ya jina langu na lafudhi yangu, kana kwamba ngozi yangu haitoshi kunipa nafasi katika mazungumzo ya Weusi wa Marekani. Siku ile mama aliniona nalia, akasema "nilikuambia," na hilo liliniuma kuliko kalamu ya buluu. Bado naamini mwamuzi alikosea kumwambia mtoto Mwafrika anayeishi Minneapolis kwamba ubaguzi wa rangi ni mapambano ya watu wengine. Ila sentensi ya pili ilikuwa swali la haki, na sikuwa na jibu lake, kwa sababu katika insha ile hapakuwa na mstari hata mmoja ambao mwanafunzi mwingine yeyote, mahali popote duniani, asingeweza kuuandika.

Jibu lilikuja mwaka uliofuata, na lilitoka kwenye karatasi ya nyumba. Mwalimu wetu wa historia alituonyesha ramani iliyotengenezwa na mradi wa Chuo Kikuu cha Minnesota uitwao Mapping Prejudice, ulioanza mwaka 2016, ambao watu wa kujitolea walikuwa wakisoma hati za zamani za viwanja, moja baada ya nyingine, wakitafuta masharti ya kibaguzi yaliyoandikwa ndani yake. Hati ya kwanza ya namna hiyo inayojulikana Minneapolis ni ya mwaka 1910. Ilikataza kiwanja kile kisiuzwe, kisiwekwe rehani wala kukodishwa kwa mtu mwenye asili ya Kichina, Kijapani, Kituruki na wengine kadhaa waliotajwa kwa zamu, na mwishoni mwa orodha ikataja damu ya Kiafrika. Nilipoyafikia maneno hayo nilihisi kama mtu ameniita kwa jina kutoka chumba cha nyuma. Hawakutaja Weusi wa Marekani peke yao. Walitaja damu ya Kiafrika, na Dar es Salaam iko Afrika.

Nikatafuta mtaa wetu kwenye ramani. Nyumba tuliyopanga ilikuwamo. Mkutubi mmoja mwenye subira alinisaidia kuipata hati yenyewe, ya miaka ya 1920, na kunichapia nakala, nami nikaipeleka nyumbani kwenye mfuko wa plastiki kwa kuwa theluji ilikuwa inaanguka. Mama alikuwa mezani anachambua mchele. Nikamtafsiria palepale: nyumba hii isikaliwe na mtu yeyote asiyekuwa mweupe, isipokuwa mtumishi wa nyumbani aliyeajiriwa na mwenye nyumba. Mkono wake ukasimama juu ya sinia. Akaniambia nisome tena, hasa mwishoni. Nikasoma. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hii si Uzunguni hii?"

Msomaji aliyekulia Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi. Wakoloni waliligawa jiji lile katika kanda kwa kutumia sheria za majengo: kanda ya nyumba za Kizungu, kanda ya maduka na makazi ya Wahindi, na kanda ya wenyeji, nasi tukabaki na majina Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, tunayoyatamka kila siku bila kukumbuka kwamba yalikuwa amri. Babu, mzaa mama, alikuwa mpishi wa familia ya Kizungu Oysterbay katika miaka ya 1950. Asingeweza kupanga nyumba katika mtaa ule, lakini alilala pale, katika kibanda cha watumishi nyuma ya nyumba kubwa, kwa sababu chai ya bwana ilitakiwa iwe mezani alfajiri. Mama aliisukuma karatasi kunirudishia na kusema, "Basi babu yako aliishi ndani ya hiyo 'isipokuwa'."

Hiyo ndiyo ikawa insha yangu ya mwaka 2019. Sitawachosha na wiki za kuandika na kufuta. Nilifanya kama mnavyofanya wote. Niseme tu kwamba ukishapata karatasi moja ya kweli, historia nyingine inajipanga nyuma yake bila kulazimishwa. Nilieleza kwamba Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti hayo. Kwamba Minnesota ilipiga marufuku mapya mwaka 1953. Kwamba sheria ya makazi ya mwaka 1968 iliyaharamisha nchi nzima. Nilitembea kwa miguu hadi nyumba namba 4600 ya Columbus Avenue, ambako mwaka 1931 maelfu ya watu walimzingira Arthur Lee, mfanyakazi wa posta aliyepigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pamoja na mkewe Edith, wakiwataka wahame kwa kuwa ni Weusi. Aliyewatetea ni Lena Olive Smith, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa wakili Minnesota. Nilisimama kwenye kona ile nikatazama ngazi za mbele za nyumba, nikahesabu zinatosha watu wangapi wakisimama bega kwa bega, na hesabu hiyo ikaingia kwenye insha badala ya Mandela.

Nikashika nafasi ya pili. Mama alikuwepo.

Sasa, wadogo zangu, ushauri wenyewe ni mfupi kuliko hadithi. Anza na kitu kimoja kilicho karibu nawe ambacho unaweza kukishika: hati, barua, jina la barabara, ukuta, orodha ya wanafunzi ya zamani. Usianze na dunia. Nimesoma rasimu nyingi ambazo vijana hunitumia, na karibu kila moja inaanza na dunia, inamtaja Martin Luther King Jr. ndani ya mistari mitano ya kwanza, halafu inafikia mwisho bila kukutana na mtu hata mmoja anayepumua. King anastahili heshima kubwa zaidi ya kutumiwa kama kijiko cha chumvi. Ukimtaja, sema kitu ambacho ulilazimika kukitafuta. Na soma swali la shindano mara tatu, kwa sababu likiuliza "jamii yetu" wanataka yenu, na wewe umo ndani yake hata kama una miezi sita tu hapa.

Hilo la mwisho nalirudia kwa sababu najua linavyouma. Mtu yeyote asikwambie kwamba haya si yako. Asikwambie mwamuzi, asikwambie mwanafunzi mwenzako, na asikwambie mzazi. Lakini na wewe usijifanye kwamba machungu ya familia ambayo imeishi hapa kwa vizazi vinane ndiyo machungu yako wewe. Sema ulipo. Mimi nilikuwa mpangaji mgeni katika nyumba ambayo hati yake ilinikataa kabla bibi yangu hajazaliwa, na hapo palikuwa mahali pa kutosha kusimama.

Kwenu wazazi wangu, nawaomba kwa heshima zote: acheni kuwaambia watoto kwamba hayo ni ya wenyewe. Mnasema hivyo kwa kuwapenda, ili wasijiingize kwenye matatizo, wasome, wapate kazi. Nawaelewa, kwa kuwa mama yangu alisema hivyohivyo. Lakini mtoto wenu akisimamishwa barabarani usiku, askari hatamwuliza kama amezaliwa Ilala au hapa. Mnayo majibu ambayo mtoto hawezi kuyapata maktaba. Mwambieni nani alilala wapi, nani alikatazwa kupita mlango gani, nani alilipwa kiasi gani. Mama alikuwa na Uzunguni kichwani mwake miaka yote, na mimi nilikuwa nimepoteza mwaka mzima nikizunguka na enzi na enzi.

Kuna kosa moja nililolifanya ambalo mdogo wangu hakulirudia. Niliiwasilisha insha yangu bila kumsomea babu. Nilimpigia simu baada ya kupata cheti, nikamtafsiria polepole, naye alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akasema kwa upole: "Umeandika nilikuwa naiona bahari dirishani. Kile kibanda hakikuwa na dirisha, mjukuu wangu." Dirisha lile nililibuni mimi, kwa sababu sentensi ilisikika vizuri. Limebaki mle, kwenye insha iliyopewa zawadi, na kila nikiitazama naliona hilo kwanza.

Kwa hiyo mdogo wangu alipoanza insha yake nilimpa sharti moja tu, kwamba lazima babu aisikie kabla ya siku ya mwisho ya kupokea insha. Rasimu yake ya kwanza ilianza na kuuawa kwa George Floyd, mwanamume Mweusi aliyeuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei 2020. Nilimwuliza aliona nini siku zile. Alikuwa na miaka 12, na mama alimfungia ndani. Nikamwambia aandike juu ya kufungiwa ndani au aachane nayo, akaachana nayo. Alichagua Rondo, mtaa mkuu wa Weusi wa Saint Paul uliokatwa katikati ili kupitisha barabara kuu ya I-94 kati ya mwaka 1956 na 1968, mamia ya familia zikapoteza nyumba, na meya wa jiji akaja kuomba radhi mwaka 2015. Mdogo wangu huvuka juu ya barabara hiyo kila asubuhi kwenda shule. Aliandika kuhusu daraja la waenda kwa miguu, uzio wake wa waya, na namna ambavyo ukisimama katikati huwezi kumsikia mtu aliye kando yako kwa kelele za magari yanayopita mahali zilipokuwa sebule za watu.

Tulimpigia babu Jumapili, asubuhi kwetu na jioni kwake. Nilikuwa natafsiri, mdogo wangu ameshika kalamu. Babu hakuuliza kuhusu daraja wala kuhusu meya. Aliuliza, "Na hao waliobomolewa, walilipwa? Na waliokuwa wamepanga je?"

Mdogo wangu hakujua. Alitumia siku nne zilizobaki kutafuta, akagundua kwamba sheria ya shirikisho ya kuwasaidia watu wanaohamishwa na miradi ya serikali, wapangaji wakiwemo, ni ya mwaka 1970, miaka miwili baada ya magari kuanza kupita Rondo. Alifuta aya nzima ya daraja ili maneno yatoshe, akaliweka swali la babu pale kama lilivyoulizwa, kwa Kiswahili kwanza.